Mama mkwe anasema akiungua mara moja atajifunza

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Kwetu ni Tanga, ila huu ni mwaka wa pili tunaishi Bronx, New York, ghorofa ya nne ya jengo la matofali la zamani sana. Sebuleni na chumbani tumekuta yale mahita makubwa ya chuma yenye mbavu, yanayopata mvuke kutoka kwenye boila iliyo chini ya jengo. Sisi nyumbani tunaiita rejeta, kama ya gari. Baridi ikianza tu, rejeta zinakuwa za moto kiasi kwamba huwezi kuweka mkono hata kidogo. Wenyewe hatuziwashi wala hatuzizimi. Zinawaka zinapotaka, hata saa tisa usiku.

Mwanangu mdogo ana miezi 13, ndiyo kwanza anasimama dede. Jumanne iliyopita alikuwa ameshika kochi, akasogea hatua mbili, akakosa pa kushika, akaiegemea rejeta kwa kiganja cha kulia. Shangazi, ule ukelele bado nausikia. Nilikuwa jikoni nageuza chapati, hatua tano tu kutoka pale. Nilipofika mkono ulikuwa bado upo juu ya chuma, mimi ndiye niliyeunasua. Kiganja chote kilikuwa chekundu, na vidole viwili vimetoa malengelenge. Mama mkwe, ambaye yuko nasi tangu Oktoba, akakimbilia dawa ya meno akampaka. Sikumpeleka hospitali. Nitasema ukweli, niliogopa wataniuliza nilikuwa wapi, na nimesikia watu wakisema huku watoto wanachukuliwa.

Sasa nyumbani hatuelewani. Nataka tununue kitu cha kuziba rejeta zote. Mama mkwe anasema ni kupoteza pesa, eti mtoto akililia wembe mpe, ameshaungua mara moja hatarudia. Yeye mwenyewe anaipenda ile rejeta. Ana kisukari cha miaka mingi na miguu yake ina ganzi, basi jioni anavuta kiti, anaweka nyayo pale pale zipate joto. Kanga zake zote anaanika juu yake.

Baba watoto naye amefanya maarifa yake. Amefunga koki ya chini nusu ili joto lipungue. Tangu siku hiyo usiku bomba linagonga kama mtu anapiga nyundo, na kile kidude cha pembeni kinatema maji ya moto. Akakifunga kwa gundi ya karatasi. Nikimwambia tumwite msimamizi wa jengo anasema tusijitafutie ugomvi na mwenye nyumba.

Tunafungua dirisha usiku kwa sababu chumba kinachemka. Kitanda cha mtoto kiko kati ya kitanda chetu na rejeta, hakuna nafasi nyingine. Nifanye nini, na nianze na lipi?

Mama Wawili, Bronx


Marahaba mwanangu. Pole sana, na mpe pole huyo mdogo.

Anza na mkono. Mpeleke kwa daktari leo, hata kama malengelenge yamekauka na unaona anacheza. Kiganja na vidole si kama paja au mgongo. Ngozi iliyoungua inapopona hujivuta, na kwa mtoto anayekua vidole vinaweza kubaki vimekunjika, visinyooke tena sawasawa. Daktari anaweza kumpa mazoezi ya kunyoosha vidole, au kibao laini cha kuvifunga usiku, na hayo yanasaidia zaidi yakianza mapema. Mtazame anaposhika kijiko: je, anakwepa kutumia mkono huo? Mwambie daktari.

Kuhusu hofu yako, mimi nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na nakwambia kama ningemwambia binti yangu. Maswali watakuuliza, kwa sababu wanapaswa kumuuliza kila mzazi aliyeleta mtoto aliyeungua. Waeleze ulivyonieleza mimi, chapati, kochi, hatua mbili, kiganja. Waambie na dawa ya meno. Maelezo yanayolingana na jeraha wanayaelewa, na watoto wanaoungua kwa rejeta si wageni kwao. Kinachowatia madaktari wasiwasi ni jeraha lililokaa siku nyingi nyumbani bila kuonwa. Ndiyo maana nasema leo.

Mungu apishie mbali, lakini likitokea tena kwa yeyote, usitafute dawa. Tafuta bomba la maji. Maji ya bomba ya baridi ya kawaida, yanayotiririka juu ya pale palipoungua, kwa dakika 20 kamili. Dakika 20 ni ndefu kwa mtoto anayelia, utadhani unamtesa, lakini joto huendelea kuipika ngozi hata baada ya mkono kutoka kwenye chuma, na maji ndiyo yanayolikatiza. Mwili uliobaki ufunike blanketi asipate baridi. Vua bangili na pete kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandia ngozi usiibandue. Barafu usiweke, inaumiza ngozi upya. Dawa ya meno, asali, ute wa yai, unga wa ngano, mafuta, vyote hivyo huziba joto ndani na humlazimisha daktari kuanza kusugua kidonda ili aone kilichopo chini. Ukishapooza, laza juu yake kipande cha ile plastiki safi ya kufunikia chakula, ukilaze tu bila kukizungusha kama bandeji, kisha nenda. Uso, viganja, nyayo, sehemu za siri au kwenye maungio, au jeraha kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, ni hospitali moja kwa moja. Akiwa ameungua sehemu kubwa, au amevuta mvuke, piga 911, namba ya dharura ya huko.

Sasa huo wembe wa mama mkwe. Methali hiyo tunaijua sote, lakini ilisemwa kwa mtu aliyeonywa akasikia akakataa. Mtoto wa miezi 13 hajafika huko. Anaweza kujifunza neno "moto" na hata kulisema, na bado akashika, kwa sababu anaposhika hafanyi uamuzi. Anaanguka, na mkono unakwenda popote palipo na kitu. Wewe umeshaona mwenyewe, umeandika kwamba mkono ulikuwa bado upo juu ya chuma ulipofika. Mtu mzima hunasua mkono kabla hajajua ameungua. Mtoto anayeanza kutembea hana wepesi huo, na akiogopa hukaza vidole. Ngozi yake nayo ni nyembamba kuliko yetu. Maji ya nyuzi 60 za Selsiasi yanaweza kumchoma mtu mzima vibaya kwa takriban sekunde 5, na mtoto kwa muda mfupi zaidi. Rejeta yenu haiko kwenye 60. Mvuke ni maji yaliyochemka, nyuzi 100, na chuma chake hukaribia hapo. Uingereza, katika hospitali na nyumba za kutunzia wazee, rejeta ambayo mtu dhaifu anaweza kuigusa inatakiwa uso wake usizidi nyuzi 43.

Ukitaka akuelewe, muulize mama mkwe swali moja kwa adabu: kule Tanga, alipokuwa na watoto wadogo, jiko la mkaa lilikaa wapi? Atakwambia uani, au kwenye kona iliyozibwa, au kulikuwa na dada mkubwa aliyekaa kando yake kazi yake ni hiyo tu. Hakuna bibi aliyemwachia mjukuu jiko ili ajifunze. Na lile jiko lilikuwa na msaada wake: lina wekundu, lina moshi, linanuka, mtoto mwenyewe analihofia. Rejeta haina hata kimoja. Saa nane mchana ni chuma baridi, mtoto anakipiga piga kwa kijiko, anakiegemea, anakizoea. Saa kumi kimepata mvuke na sura yake ni ile ile. Hapo hata mtu mzima hana cha kumwonya. Hii ndiyo sababu nasema kuangalia peke yake hakutoshi, na nisingependa uendelee kujilaumu kwa zile hatua tano za jikoni. Hata ungekuwa hatua mbili usingewahi. Kinachotakiwa ni kitu kigumu kati ya mtoto na chuma.

Nitarudi kwenye hicho kitu, lakini kwanza baba watoto, maana hili lina hatari kubwa kuliko yote uliyoandika, na naomba umsomee mwenyewe.

Tazameni rejeta yenu ina mabomba mangapi. Kama ni moja tu, na kwenye majengo ya zamani ya Bronx mara nyingi ni moja, basi mvuke unapanda kwa bomba hilo na maji yaliyopoa yanarudi chini kwa bomba hilo hilo. Koki ya chini kwenye mfumo huo ni ya kufunguliwa yote au kufungwa yote, nusu haipo. Ukifunga nusu, maji yanayorudi yanakutana na mvuke unaopanda, yanakwama, mvuke unayarusha. Hiyo ndiyo nyundo mnayoisikia usiku. Na kile kidude cha pembeni ni kipumulio. Kazi yake ni kutoa hewa ili mvuke uingie, kisha kijifunge chenyewe. Kusikia "sss" kidogo rejeta inapoanza kupata moto ni kawaida. Kupuliza mvuke bila kuacha au kutema maji ni ugonjwa. Kukifunga kwa gundi ya karatasi si dawa, gundi ile italegea kwa joto na ikiachia, itamwachia aliye karibu. Kukipaka rangi pia ni kosa, na kukifungua ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu pale pana tundu linalotoa mvuke wa nyuzi 100 moja kwa moja chumbani.

Sisemi haya kuwatisha. Desemba 2016, hapo hapo Bronx, mtaa wa Hunts Point, watoto wawili ndugu, mmoja wa mwaka mmoja na mwenzake wa miwili, walifariki kwa mvuke uliotoka kwenye rejeta ya chumba walichokuwa wamelala. Mkiona mvuke unatoka na hauachi, msianze kushughulika na koki. Toeni watoto na bibi, fungeni mlango wa chumba nyuma yenu, pigeni 911, kisha msimamizi.

Leo basi, rejeta ikiwa imepoa kabisa, gundi itoke na koki irudishwe kufunguka yote. Kama koki ni ngumu msiilazimishe, ni kazi ya msimamizi. Joto likizidi, lipo suluhisho halali: kuna kidhibiti joto kinachofungwa kati ya rejeta na kipumulio, kinazuia hewa kutoka chumba kikifika joto mlilochagua, na hapo mvuke hauingii tena. Fundi anayejua mvuke anakifunga kwa muda mfupi. Au chumba kimoja koki ifungwe yote, nyumba ipate joto kutoka chumba kingine. (Mkijiuliza kwa nini zinachemka hivyo: majengo mengi ya New York yalijengwa miaka iliyofuata homa kubwa ya 1918, wakati watu walipohimizwa kulala madirisha wazi hata theluji ikianguka. Rejeta zilipimwa kwa hesabu ya madirisha yaliyo wazi.)

Na dirisha lenyewe. Uliposema mnalifungua usiku nilishtuka, kwa sababu rejeta kwa kawaida ipo chini ya dirisha, na nyinyi mpo ghorofa ya nne na mtoto anayejifunza kupanda. Jiji la New York linamtaka mwenye nyumba wa jengo lenye fleti tatu au zaidi aweke nondo za kinga kwenye madirisha ya nyumba yenye mtoto wa miaka 10 au chini. Kama hamna, hilo liingie kwenye barua ya kwanza mtakayoandika. Liwe limekamilika kabla hujanunua kifuniko cha rejeta, maana kifuniko kilicho chini ya dirisha ni ngazi.

Haya, kifuniko. Viko vya aina mbili. Kuna sanduku, la bati lenye matundu au la mbao lenye wavu mbele, linaloifunika rejeta yote juu na pembeni. Na kuna uzio wa chuma, ule wa kuzuia watoto, unaozungushwa mbele ya rejeta. Sanduku ni zuri zaidi na linadumu, ila lina bei, na lazima lipimwe. Pima urefu, kimo na kina cha rejeta pamoja na kile kipumulio cha pembeni, wengi husahau hicho na sanduku linakuja halitoshi. Matundu ya chini na ya juu yawepo ili hewa ipite. Chagua lisilo na pembe kali, za usawa wa paji la uso wa mtoto. Uzio ni rahisi na unaweza kuhama nao. Usiuweke ukiwa umegusana na rejeta, nao utaungua kama rejeta. Uache umbali unaozidi urefu wa mkono wa mtoto, ili hata akiingiza mkono katikati ya nondo asifike.

Chochote mtakachochagua kifungwe ukutani kwa skrubu. Kikishafungwa, piga magoti, kishike kama atakavyokishika yeye, jivute usimame, kitikise kwa uzito wako. Kikiyumba, hakijafungwa. Taulo na blanketi zilizotundikwa juu ya rejeta usizihesabu kuwa kinga, mtoto huzivuta na chuma kinabaki wazi.

Usisahau mabomba. Bafuni au chumbani mtaona bomba moja limesimama wima kutoka sakafuni hadi darini, mara nyingi limepakwa rangi nyeupe kama ukuta. Hilo ni mvuke ule ule, na halina koki kabisa. Mama mkwe akiamka usiku kwenda msalani na kizunguzungu cha kisukari, ndilo atakalolishika asianguke. Livikwe gamba la fiberiglasi linalouzwa kwa mabomba ya mvuke. Ile sponji nyeusi ya mabomba ya maji haifai, joto hili linaiharibu.

Huyo mama ananipa wasiwasi karibu sawa na mjukuu wake. Miguu yenye ganzi ya kisukari haisikii joto. Anaweza kuweka nyayo kwenye chuma, akazungumza, akasinzia, na kesho ndipo mnaona lengelenge au ngozi imebadilika rangi. Na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari kinachelewa kupona, wengine kimewafikisha kukatwa kidole. Mvulisheni soksi jioni hii, mtazame nyayo zote mbili kwenye mwanga, chini na kati ya vidole, na iwe kazi ya kila usiku. Usimnyang'anye joto lake, baridi ya Bronx kwa mtu wa Tanga si mchezo. Mtafutie soksi za sufu, shali, na kiti kizito kilichokaa hatua mbili kutoka kwenye rejeta, kisichoburutwa kirahisi. Kanga zake mfungie kamba juu ya beseni la kuogea. Usimwambie ni kwa sababu amekosea. Mwambie mjukuu ameanza kuvuta kila kinachoning'inia, na hilo ni kweli.

Mwenye nyumba sasa. Kuitengeneza rejeta mbovu ni wajibu wake, hamuombi fadhila. Mwandikieni ujumbe, wa simu unatosha, wenye tarehe na picha: kipumulio kinatema maji, bomba linagonga, mtoto ameungua, tunaomba fundi, na tunaomba ruhusa ya kufunga kifuniko. Mpeni nafasi ya kuleta kifuniko yeye, wapo wanaokubali. Asipojibu, pigeni 311, namba ya malalamiko ya jiji, ombeni mkalimani wa Kiswahili, hawaulizi habari za viza. Sheria ya Jimbo la New York inamkataza mwenye nyumba kumlipizia kisasi mpangaji aliyelalamika kwa nia njema. Baba watoto asiogope kwamba mtazimiwa joto lote kwa hasira. Kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei, mchana nje kukiwa chini ya nyuzi 13, ndani lazima pafike 20, na usiku lazima pafike karibu 17 hata nje kukoje.

Umeniuliza uanze na lipi. Mkono wa mtoto, nimeshasema. Linalofuata halihitaji pesa, fundi wala ruhusa ya mtu. Kile kitanda. Mtoto anayelala kando ya rejeta anaweza kujiviringisha usiku akabanwa kati ya godoro na chuma, na akishabanwa hawezi kujitoa. Umesema hakuna nafasi nyingine. Toeni kabati, tolewe meza, masanduku ya safari yapande juu, kitanda chenu kisukumwe ukutani, cha mtoto kihamie upande wa mlango, mita moja au zaidi kutoka kwenye rejeta. Mfanye leo, baba watoto akiwa bado hajatoka kwenda kazini.